Kigeu Kisichoandikwa: Njia za Kufungasha Programu za Linux na Gharama Zake

Malalamiko kuhusu programu za Linux katika ofisi, vyuo na hospitali za Arusha huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni programu iliyofanya kazi vizuri kwa mtengenezaji wake kugoma ikihamishiwa kwenye kompyuta nyingine, huku ujumbe ukisema maktaba fulani haionekani au glibc ni ya zamani. Ya pili inachosha zaidi: programu ileile, juu ya seva ileile, inakubali afisa TEHAMA akiiendesha kwa mkono mchana, kisha inakataa mfumo wenyewe unapoiwasha usiku. Mjadala wa mafundi huyatibu haya kama magonjwa mawili. La kwanza hupelekwa kwa wanaobishana kama apt ni bora kuliko Flatpak au Docker. La pili hutibiwa kwa kuongeza mstari mmoja katika faili la .bashrc, na fundi akaondoka. Uchambuzi huu unashikilia kwamba ugonjwa ni mmoja. Kigeu cha mazingira ni kitegemezi ambacho hakikuandikwa popote, na njia ya kufungasha programu inapaswa kupimwa kwa jinsi inavyolazimisha mategemeo yote, ya faili na ya mazingira, yaandikwe mahali ambapo fundi mwingine atayaona.

Kinachotegemewa na kinachorithiwa

Programu nyingi za Linux hazijitoshelezi. Inayosoma picha huazima maktaba ya picha, inayowasiliana kwa siri huazima OpenSSL, na karibu zote huazima glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C. Ndani ya faili la programu mna majina ya maktaba hizo, na wakati wa kuiwasha mfumo huzitafuta katika saraka zilizokubaliwa. Glibc ina kanuni isiyo na huruma: programu iliyojengwa juu ya mfumo mpya inaweza kudai toleo jipya na kukataa la nyuma. Iliyojengwa kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, huweza kugoma kabisa kwenye Ubuntu 20.04 yenye glibc 2.31, ilhali ya zamani kwa kawaida hukubali juu ya mpya. Upande huu unafahamika, na una zana zake. Katika Debian, dpkg-shlibdeps husoma faili la programu na kuorodhesha vifurushi vinavyohitajika bila fundi kukisia.

Vigeu vya mazingira havina zana kama hiyo. Ni jozi za jina na thamani ambazo kila mchakato huzipokea kutoka kwa mchakato uliouzaa, kisha ukazishusha kwa wanawe, kama maji ya mfereji katika miteremko ya Meru: aliye chini hupokea alichoachiwa na wa juu, na huenda asijue nani amefungua wapi. PATH husema amri zitafutwe wapi, LANG husema lugha, TZ husema saa za eneo, na LD_LIBRARY_PATH huamuru maktaba zitafutwe kwingine kabla ya saraka za kawaida. Afisa akiingia kwa jina lake, bash husoma faili zake za mwanzo na kujaza vigeu kadhaa. Cron haipitii huko. Huanza na PATH fupi. Huduma zinazowashwa na systemd hazisomi /etc/profile. Sudo, kwa mipangilio yake ya kawaida, husafisha mazingira kabla ya kuendesha amri. Programu moja hujikuta katika mazingira manne juu ya kompyuta moja, na hapo malalamiko yale ya pili hayabaki na fumbo lolote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa saa. Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, na msimamizi wa kontena (programu iliyofungiwa pamoja na mfumo wake, kama ya Docker) huandika TZ=Africa/Dar_es_Salaam akidhani amemaliza. Lakini jina hilo halina maana pasipo kanzidata ya tzdata, na kontena nyingi ndogo huja bila tzdata. Glibc ikilikosa jina hilo hailalamiki; hutumia UTC kimya kimya. Dawa iliyotolewa wodini saa mbili usiku itaandikwa kwamba ilitolewa saa kumi na moja jioni, na mgonjwa aliyepokelewa kati ya saa sita na saa tisa usiku ataandikiwa tarehe ya jana. Hapo kigeu kimesimama juu ya kifurushi kisichokuwepo, wala hakuna kosa lililoandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo ambalo fundi angeweza kulifuatilia.

Lugha nayo iko hivyo hivyo. Glibc ina maelezo ya Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, sw_TZ na sw_KE, lakini yasipozalishwa kwenye mashine husika, kuandika LANG=sw_TZ.UTF-8 hakuleti kitu: programu hurudi kwenye mpangilio wa C, usiojua tafsiri yoyote. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulifanya kazi kubwa ili mtumishi wa kawaida aandike barua katika programu inayozungumza naye Kiswahili. Kazi ya namna hiyo humfikia mtumiaji au huishia kwenye diski kwa sababu ya kigeu kimoja na kifurushi kimoja cha lugha. Anayefungasha programu bila kuvifikiria hivi viwili ameifuta tafsiri hata kama faili zake zote zimo.

Hoja ya Debian: maktaba moja kwa wote

Msimamo wa kwanza ni wa mradi wa Debian, ulioanza 1993, ambao Ubuntu imeurithi. Kila maktaba iwekwe mara moja, programu zote ziitumie, na kila kifurushi kitaje kinachokihitaji. Faida yake kubwa ni ukarabati. Mwanya wa Heartbleed ulipogunduliwa ndani ya OpenSSL mwezi Aprili 2014, seva iliyofuata utaratibu huu ilihitaji sasisho la maktaba moja, kuwashwa upya kwa huduma zilizoitumia, kisha kubadilishwa kwa funguo za siri. Isiyofuata ilibidi ichunguzwe programu kwa programu, nani alibeba nakala yake na ya toleo gani.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba sera ya Debian inazungumzia mazingira pia, na inazungumza kwa ukali: programu iliyo kwenye PATH haipaswi kutegemea vigeu maalumu ili ifanye kazi kwa namna ya kuridhisha. Ikiwa lazima kigeu kiwepo, kifurushi kiweke skripti ndogo inayokitaja kisha ikaita programu halisi, badala ya kumwagiza mtumiaji ahariri faili zake za mwanzo. Kanuni hii ina umri mkubwa, na bado naiona kuwa bora kuliko nyingi zilizokuja baadaye. Inamwondolea mzigo afisa wa kituo cha afya ambaye hakuandika programu hiyo wala hakuwepo siku ilipowekwa, na inaiacha habari ya kigeu ndani ya kifurushi chenyewe, ambako hata mrithi wake ataikuta.

Udhaifu wake uko katika umoja huohuo. Hospitali kadhaa za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambalo makao yake makuu yako Arusha, zilitumia Care2x, mfumo huria wa hospitali ulioandikwa kwa PHP na MySQL. Programu za PHP za kizazi hicho ziliita hifadhidata kwa njia ya zamani ambayo PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, iliiondoa kabisa. Ubuntu 14.04 ilikuja na PHP 5.5, na 16.04 ikaja na 7.0. Kwa hiyo kituo chochote chenye programu ya aina hiyo kililetewa chaguo gumu: kubaki kwenye mfumo ambao muda wake wa kutunzwa unakwisha, au kupanda toleo na kuvunja msimbo unaoshikilia rekodi za wagonjwa. Debian haikukosea hapo. Ilitimiza ahadi yake ya kuwa na toleo moja linalotunzwa. Gharama ya ahadi hiyo ilimwangukia asiye na mtu wa kuandika msimbo upya.

Wapinzani huongeza kisa cha xz. Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya maktaba hiyo ya kubana faili yalikuwa yametiwa mlango wa siri, ambao ulilenga kuifikia sshd, huduma ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Sshd yenyewe haiihitaji xz. Ilifikiwa kwa sababu baadhi ya mifumo, Debian ikiwemo, ilikuwa imeiongezea kiungo cha kuwasiliana na systemd, na kiungo hicho kikavuta maktaba ile. Hoja hii ina uzito, lakini inathibitisha jambo tofauti na linalodaiwa. Iliyokuwa na kasoro ni tabia ya kuongeza kitegemezi bila kukipima, na tabia hiyo iko katika kila njia ya kufungasha. Mlango ule uligunduliwa ukiwa bado katika matawi ya majaribio ya Debian, na watumiaji wa tawi thabiti hawakuguswa.

Hoja ya kubeba kila kitu

Msimamo wa pili unasema: beba mzigo wako wote. AppImage huweka programu na maktaba zake katika faili moja. Flatpak na Snap huongeza ukuta kati ya programu na mfumo. Docker, iliyotoka 2013, hubeba karibu mfumo mzima isipokuwa keneli. Mvuto wake ni halali. Mtengenezaji hujaribu kitu kimoja na kukisambaza kwa wote, na programu mbili zinazotaka matoleo yasiyopatana ya maktaba moja hukaa pamoja bila ugomvi. Kwa msimbo wa PHP ya zamani uliotajwa juu, kontena ndiyo njia ya haraka ya kuuweka hai wakati mfumo ulio chini yake unapanda toleo.

Lakini anayebeba maktaba amebeba na wajibu wa kuitunza. Kontena iliyojengwa miaka mitatu iliyopita ina OpenSSL ya miaka mitatu iliyopita, hata kama seva inayoibeba husasishwa kila wiki. Pale penye timu inayojenga upya kontena zake kwa ratiba, tatizo hili ni dogo. Palipo na afisa mmoja anayehudumia pia printa, intaneti na kamera za ulinzi, kontena hukaa kama ilivyowekwa siku ya kwanza.

Mazingira nayo hayapotei kwa kufungiwa ndani. AppImage nyingi huanza kwa skripti inayobadilisha LD_LIBRARY_PATH ili programu izione maktaba zake. Kigeu hicho hurithiwa na kila kinachowashwa kutoka ndani, hivyo mtumiaji akibofya kiungo, kivinjari cha mfumo hufunguka kikiwa kimeelekezwa kwenye maktaba za programu nyingine na kuweza kuanguka. Dawa ni kutaja njia ya maktaba ndani ya faili la programu lenyewe, kwa RUNPATH na $ORIGIN, jambo linalohitaji uangalifu wakati wa kujenga. Flatpak, kwa upande wake, hushusha faili za lugha kwa kuangalia lugha za mfumo mwenyeji. Kompyuta iliyowekwa kwa Kiingereza haitapata Kiswahili mpaka mtu aiagize. Na kontena, kama ilivyoonekana kwenye saa, mara nyingi huanza bila LANG wala tzdata.

Kisha kuna njia ambayo mzigo wenyewe unapita. Msingi mmoja (runtime) wa Flatpak unaweza kufikia mamia ya megabaiti kabla programu yenyewe haijashuka. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na Arusha, iliyo mbali na pwani, hupokea sehemu kubwa ya intaneti yake kupitia hukohuko. Watetezi wa Flatpak hujibu kwamba masasisho hushuka kwa tofauti tu na kwamba msingi mmoja hutumiwa na programu nyingi. Ni kweli, ila ukweli huo hupungua kila programu inapodai toleo lake la msingi. Pia kuna aina ya kompyuta. Shule kadhaa za Karatu zilipata Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua, na kifaa hicho kina kichakato cha ARM. Debian hujenga vifurushi vyake kwa aina nyingi za vichakato kama desturi. AppImage iliyojengwa kwa kompyuta za Intel peke yake haina la kumwambia mwanafunzi wa shule hizo.

Hoja ya Nix na Guix

Msimamo wa tatu ni wa Nix, iliyoelezwa kikamilifu katika tasnifu ya Eelco Dolstra mwaka 2006, na Guix iliyofuata 2012. Kila kifurushi hukaa katika saraka yenye alama inayokokotolewa kutokana na vyote vilivyotumika kukijenga, na ujenzi hufanyika katika mazingira yaliyosafishwa, kiasi kwamba kigeu kisichotajwa hakiingii. Kwa nadharia hili ndilo jibu kamili la swali letu, kwani kigeu na maktaba vyote huandikwa katika maelezo ya kifurushi. Kwa mtafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru, anayetaka hesabu za makala yake zirudiwe miaka mitano baadaye na kutoa majibu yaleyale, sioni chombo kinachomfaa zaidi.

Hata hivyo ukuta una ufa palepale tulipoanzia. Guix ikiwekwa juu ya Debian au Ubuntu, mtumiaji huelekezwa aweke GUIX_LOCPATH ili programu zipate maelezo ya lugha, na Nix juu ya mfumo mwingine huhitaji LOCALE_ARCHIVE kwa sababu hiyohiyo. Ujenzi umetengwa na mazingira, ila uendeshaji haujatengwa. Lugha ya kuandikia maelezo ya vifurushi ni ngumu, nafasi ya diski inayoliwa ni kubwa, na mafundi wanaoijua ni wachache. Kwa seva ya ofisi ya kawaida, gharama hizi bado zinashinda faida.

Siri ndani ya mazingira

Kuna matumizi ya vigeu yanayostahili kutazamwa peke yake. Mwaka 2011 kanuni kumi na mbili za programu zilizotoka kwa watu wa Heroku zilipendekeza mipangilio yote ikae katika mazingira: anwani ya hifadhidata, nywila, funguo. Sababu ilikuwa nzuri, kuzuia nywila zisiandikwe ndani ya msimbo. Lakini mazingira hayakuundwa kuhifadhi siri. Hurithiwa na kila mchakato mtoto, husomeka katika /proc na mtumiaji yuleyule au msimamizi mkuu, na huchapwa katika ripoti za makosa. Septemba 2014, mwanya wa Shellshock ulionyesha kwamba bash ingeweza kutekeleza amri zilizofichwa ndani ya kigeu. Desemba 2021, mwanya wa Log4j uliwawezesha wavamizi kuifanya seva iwatumie thamani za vigeu vyake, funguo za huduma za wingu zikiwemo.

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, nywila ya hifadhidata ya wagonjwa au ya wageni wa hoteli ni jambo la kisheria pia. Ninapendekeza mgawanyo ulio wazi: vigeu vibebe mipangilio isiyo na madhara ikijulikana, kama saa, lugha na namba ya bandari ya mtandao. Siri zikae katika faili linalosomwa na mtumiaji wa huduma peke yake, au zipitishwe kwa LoadCredential ya systemd, iliyopo tangu toleo la 247. Anayesema faili pia linaweza kuibwa amesema kweli. Tofauti ni kwamba faili lina mwenye nalo na ruhusa zinazokaguliwa, wakati kigeu kinasambaa bila kuacha alama.

Mizani ikiwekwa Arusha

Hakuna njia inayoshinda kila mahali. Kinachoamua ni nani atakayerekebisha programu mtengenezaji akiwa hayupo, na masasisho yatampata kwa njia gani. Kwa seva za taasisi zilizo chini ya Meru, mizani yangu inaegemea kifurushi cha kawaida cha Debian au Ubuntu ya muda mrefu. Vifurushi vya namna hii hunakiliwa kirahisi ndani ya nchi. Habari Node, mtoa huduma za intaneti wa Arusha, iliwahi kuendesha nakala za hifadhi hizo, na mji una kituo chake cha kubadilishana mtandao, kwa hiyo si lazima kila baiti itoke ng'ambo. Ndani ya ofisi moja, apt-cacher-ng hushusha kifurushi mara moja na kukigawa kwa kompyuta zote.

Kifurushi hicho kitaje tzdata na locales miongoni mwa mahitaji yake kama kinavyotaja maktaba. Kiweke mipangilio katika faili moja chini ya /etc/default, na faili la huduma la systemd lilisome kwa EnvironmentFile, nayo skripti ndogo inayoita programu kwa mkono ilisome pia. LD_LIBRARY_PATH isionekane humo kabisa. Kontena ibaki kwa programu isiyoweza kupanda toleo, nayo iandikiwe tarehe ya mwisho na jina la anayeijenga upya. Flatpak ifae kompyuta za mezani ambako mtumishi anahitaji toleo jipya la programu moja, na Nix au Guix ziende kwa watafiti.

Pingamizi zito kuliko yote ni la nguvu kazi: mtengenezaji mdogo wa programu hana muda wa kujifunza ufungashaji wa Debian, wakati Dockerfile huandikwa mchana mmoja. Ni kweli kwamba sera ya Debian ni ndefu. Lakini kifurushi kisichokusudiwa kuingia katika hifadhi rasmi hakihitaji kuitimiza yote. Kinahitaji orodha ya mahitaji, faili la huduma na faili la mipangilio, na hayo yanafundishika katika Chuo cha Ufundi Arusha kama yanavyofundishwa mengine ya kazi. Muda uliookolewa mchana ule haukufutika. Umehamishiwa kwa afisa wa kituo ambaye atautumia miaka mitatu baadaye akitafuta kwa nini saa za wodi ziko nyuma.

Jaribio la kuthibitisha kwamba kazi imefanyika halina gharama. Kifurushi kiwekwe kwenye mashine mpya isiyo na kitu zaidi ya mfumo wenyewe, kisha programu iitwe kwa env -i, amri inayoiwasha bila kigeu hata kimoja. Ikianza, ikisoma mipangilio yake kutoka kwenye faili lake, ikaandika saa ya Afrika Mashariki na kuonyesha Kiswahili pale mtumiaji alipokiomba, mategemeo yake yameandikwa. Ikigoma, au ikitoa saa au lugha isiyo sahihi, kosa hilo ndilo linaloonyesha mstari unaokosekana katika kifurushi, na mahali pa kuuongeza ni humo, si katika .bashrc ya afisa.